Mikataba Miwili ya Marrakesh na Kitabu cha Asiyeona

Kazi ya mhakiki aghalabu ni kusoma hadithi au diwani ya mashairi, kisha kuwaambia wenzake kama yafaa kununuliwa. Safari hii nimesoma kitu kisichouzwa dukani wala kisichosomwa na mtu kwa kujifurahisha, yaani mkataba wa mataifa. Una vifungu 22, na jina lake ni refu hata msomaji huishiwa na pumzi kabla ya kulimaliza: Mkataba wa Marrakesh wa Kurahisisha Upatikanaji wa Maandishi Yaliyochapishwa kwa Watu Wasioona, Wenye Uoni Hafifu au Wenye Ulemavu Mwingine Unaowazuia Kusoma Maandishi ya Chapa. Ulikubaliwa katika mji wa Marrakesh, nchi ya Moroko, tarehe 27 Juni 2013, nao ukaanza kuwa na nguvu tarehe 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, na Tanzania mwaka 2020. Basi ni mkataba wetu pia, nami naona haifai jambo la kusoma na kuandika kuachiwa wanasheria peke yao.

Nieleze kwanza kwa nini niliutafuta. Miaka michache kabla ya mkataba huo kuandikwa nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya bara, na darasani mwangu alikuwamo kijana asiyeona. Alijifunza nukta nundu tangu utoto, na vidole vyake vilisoma upesi kuliko macho ya wenzake wengi. Siku za Jumapili alipopewa somo kanisani alisoma akiwa ameuinua uso kuwaelekea watu, huku mikono ikienda taratibu juu ya karatasi, jambo ambalo sisi wenye macho hatuliwezi. Lakini riwaya iliyowekwa kwa mtihani haikupatikana kwa nukta nundu. Wenzake walimsomea jioni kwa zamu, nao walifanya vema. Walakini kusomewa si kusoma. Anayesomewa hawezi kurudi peke yake usiku kulitafuta neno lililomkaa moyoni, wala kulinganisha sura ya pili na ya tisa, na hiyo ndiyo kazi ambayo mtihani waitaka.

Nikaandika barua kwa wachapishaji kuomba ruhusa ya kuinakili riwaya ile kwa nukta nundu, nakala moja tu, isiyouzwa. Jibu lilifika baada ya miezi saba. Lilisema kwa adabu sana kwamba haki niliyoiomba haikuwa mikononi mwao, niulize kwingine. Wakati huo mtihani ulikuwa umekwisha kupita. Kusema kweli sisi hatukungoja. Kitabu tulikuwa tumekinunua kwa fedha zetu. Mimi nikasoma kwa sauti, naye akatoboa karatasi, usiku baada ya usiku, hata tukafika mwisho wa sura ya sita, na hapo karatasi nzito zikatuishia. Siandiki haya kwa kujisifu. Tulinakili mali ya mtu bila ruhusa yake, na mwalimu anayewakataza watoto kuchuma machungwa ya jirani sharti ajue anafanya nini anaponakili kitabu. Kijana aliingia katika mtihani akiwa na sura sita za kitabu chenye sura kumi na moja.

Mtu asiyewahi kutunga kitabu huona shida kuelewa jinsi maneno yanavyoweza kuwa na mwenyewe. Nyama ikiliwa imekwisha, lakini hadithi ikisimuliwa haipungui. Aliyeitoa bado anayo, na aliyeipokea anayo pia. Zamani kwetu maarifa mengi yalipita kinywa kwa kinywa, ijapokuwa si kweli kwamba yalikuwa ya watu wote, maana waganga walikuwa na siri zao, na wahunzi nao hawakumfundisha kila apitaye. Haki ya mtungaji, ambayo siku hizi huitwa hakimiliki, ilizaliwa Ulaya pamoja na mitambo ya kupiga chapa, kwa kuwa hapo ndipo mtu mwingine alipoweza kuitwaa kazi ya mtungaji na kutoa nakala elfu pasipo kumpa hata senti moja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1710 ilikilinda kitabu kipya kwa miaka 14, na mtungaji akiwa yu hai bado aliweza kupata 14 mingine. Mwaka 1886 mataifa machache yalikutana katika mji wa Bern, Uswisi, yakaahidiana kwamba kitabu cha mtu wa nchi moja kitalindwa katika nchi nyingine. Leo Mkataba wa Bern wataka kitabu kilindwe maisha yote ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake, na nchi nyingi za Ulaya zimefika 70. Kutoka 14 mpaka hapo ni mwendo mrefu, wala sijasikia kwamba marehemu ye yote alitunga kitabu kizuri zaidi kwa ajili ya nyongeza hiyo.

Hata hivyo nisidhaniwe kuwa nawaonea watungaji. Karibu na kila chuo katika miji yetu yako maduka ya kutoa nakala, na huko mwanafunzi hutolewa kitabu kizima kwa bei iliyo chini ya bei ya muuza vitabu. Mtungaji wa Kiswahili aliyekesha miaka mitatu hupata fungu dogo kwa kila kitabu kinachouzwa kwa halali, na katika nakala ile ya kichochoroni hapati kitu. Anayesema kwamba maandishi yote yawe bure na amwulize kwanza mtu huyo anakula nini. Neno langu si kwamba haki hii ifutwe. Neno langu ni kwamba nakala ya asiyeona ni jambo la namna nyingine: mtungaji hakuitengeneza, mchapishaji hakuiuza, na msomaji wake hakuwako dukani akakataa kulipa. Kumkataza mtu kutengeneza kitu ambacho hakuna atakayekitengeneza kwa ajili yake si kumlinda mtungaji.

Sasa niuseme ule mkataba mwingine, maana mmoja hauwezi kusomwa pasipo mwenzake. Wengi hawakumbuki kwamba Marrakesh ulikuwa mji wa mkutano mwingine kabla ya huo. Tarehe 15 Aprili 1994 wajumbe wa serikali nyingi walitia sahihi humo mapatano yaliyoanzisha Shirika la Biashara la Dunia, na ndani yake yalikuwamo mapatano juu ya hakimiliki na hataza, yaliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1995. Hataza ni ile haki apewayo mvumbuzi kwamba mtu mwingine asikitengeneze kitu chake bila idhini, na mapatano hayo yalitaka idumu miaka isiyopungua 20 tangu siku ya maombi. Juu ya vitabu, waliichukua sehemu kubwa ya Mkataba wa Bern wakaiweka humo nzima. Jambo jipya halikuwa maneno bali adhabu. Kabla ya hapo nchi iliyovunja ahadi ya Bern ilipata lawama tu. Tangu hapo yaweza kushtakiwa mbele ya Shirika la Biashara, na ikishindwa na isijirekebishe, mshtaki aweza kuruhusiwa kuitoza bidhaa yake ushuru zaidi. Hivi ndivyo ruhusa ya kunakili kitabu ilivyofungamanishwa na kahawa, pamba na maua tunayouza ng'ambo.

Nchi zilizo maskini kuliko nyingine, Tanzania na Uganda zikiwamo, zilipewa muda wa kungoja, nao umeongezwa mara kwa mara, sasa hata tarehe 1 Julai 2034. Kenya haimo katika hesabu hiyo. Na wasomaji watakumbuka habari ya dawa za UKIMWI, jinsi makampuni ya dawa yalivyoishtaki serikali ya Afrika Kusini mwaka 1998, kisha yakaiondoa kesi mwaka 2001 baada ya kelele za ulimwengu. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo mawaziri waliokutana Doha walitangaza kwamba mapatano ya 1994 hayapaswi kuizuia serikali kulinda afya ya watu wake. Kwa dawa, basi, mlango ulifunguliwa kidogo baada ya miaka saba. Kwa kitabu cha asiyeona ulikawia miaka 12 tena.

Kabla ya kuuhukumu mkataba wa 2013 yafaa kujua kitabu cha nukta nundu ni kitu gani, maana wengine hudhani ni kitabu kama hiki chetu kilichochapwa kwa namna nyingine tu. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto akiwa na miaka mitatu alichezea chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho moja, ugonjwa ukaingia hata jicho la pili nalo likafa. Katika shule ya wasioona ya Paris alikuta vitabu vya herufi kubwa zilizoinuliwa, vizito, na kuvisoma ni kazi ya polepole mno. Akasikia habari ya maandishi ya nukta aliyoyabuni askari mmoja, Charles Barbier, yenye nukta 12 kwa kila alama. Nukta 12 ni nyingi, hazienei chini ya ncha ya kidole kimoja. Braille akazipunguza hata zikawa sita, na alipoikamilisha kazi hiyo alikuwa na miaka 15. Alichapisha namna yake mwaka 1829, akafa mwaka 1852, na shule yake yenyewe iliikubali rasmi mwaka 1854, yaani miaka miwili baada ya yeye kuzikwa. Leo nukta zile huandika Kiarabu, Kichina na Kiswahili, wala hakuna anayelipa ada kwa kuzitumia. Ni ajabu kidogo kwamba herufi zenyewe ni bure, na kilichofungwa ni yale yawezayo kuandikwa kwazo.

Shida ya pili ni ukubwa. Ukurasa mmoja wa chapa huwa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, na karatasi yake sharti iwe nzito ili nukta zisilale. Riwaya iwezayo kuingia mfukoni huwa mafungu kadhaa ya kubebwa kwa mikono miwili. Biblia nzima hujaza kabati. Waliowahi kufika katika shule ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, au katika shule ya Buigiri karibu na Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, wanajua mzigo huo. Siku hizi kompyuta imesaidia: kitabu kikiwa katika faili, mashine huweza kukipiga nukta kwa saa chache, au sauti ikakisoma, au mtu akakigusa katika kifaa ambacho nukta zake hupanda na kushuka. Lakini faili sharti litoke mahali fulani, na lile lililo safi liko kwa mchapishaji.

Umoja wa Wasioona wa Dunia ulisema kabla ya mkataba kwamba katika vitabu mia vinavyochapwa, hata kumi havifikii kuwekwa katika namna ambayo asiyeona aweza kuisoma, na katika nchi maskini havifikii hata kimoja. Wakaiita hali hiyo njaa ya vitabu. Nchi nyingi tajiri zilikuwa na ruhusa katika sheria zao za ndani, lakini ruhusa hiyo ilikoma mpakani. Hispania na Argentina zilikuwa na vitabu vingi vya wasioona kwa Kihispania. Jirani zao wa Amerika ya Kusini, wenye lugha ileile, walikuwa na vichache, wala haikuwa halali kuvipeleka huko bila ruhusa ya kila mwenye haki. Ni kama mtu aliye na ghala la mahindi ng'ambo ya mto, na sheria yasema mtumbwi usivuke. Mwaka 2009 Brazili, Ekwado na Paraguai zilipeleka mbele ya Shirika la Dunia la Haki Miliki, mjini Geneva, mkataba ulioandikwa na Umoja wa Wasioona wenyewe. Wachapishaji walisita, na wenye makampuni ya sinema ya Marekani walipinga sana, wakiogopa kwamba mlango mmoja ukifunguliwa mingine itafuata. Mwimbaji Stevie Wonder, ambaye mwenyewe haoni, alikwenda Geneva mwaka 2010 kuwahimiza wajumbe, na mwaka 2013 alifika Marrakesh akawaimbia walipokwisha kukubaliana.

Sasa tuusome. Ulioutunga mkono huu ulijua wasomaji wake ni akina nani, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Kifungu cha 3 hakiwataji vipofu tu, bali na wale ambao macho yao ni hafifu, wale wasioweza kusoma kwa sababu ya kasoro katika namna akili inavyopokea herufi, na hata wale ambao mikono yao haiwezi kushika kitabu na kukifunua. Mzee wa kijiji aliyepooza baada ya ugonjwa wa kiharusi yumo. Sikutarajia mkataba wa mataifa umfikirie mtu wa namna hiyo.

Kifungu cha 4 chaitaka kila nchi iweke ruhusa katika sheria yake, na hueleza mfano wa namna ya kuiweka. Katika mfano huo imeandikwa kwamba mtu asiyeona, au mwingine anayetenda kwa niaba yake, aweza kutengeneza nakala kwa matumizi ya huyo asiyeona mwenyewe, mradi kitabu kimepatikana kwa halali. Maneno hayo niliyasoma mara tatu. Usiku wetu ule wa karatasi nzito ulikuwa umeandikwa humo, nao ulikuwa umehesabiwa haki.

Walakini kifungu kizuri kuliko vyote ni cha 5, pamoja na mwenzake wa 6. Hivyo ndivyo vilivyouvusha mtumbwi. Chama au shule isiyofanya biashara, ikitambuliwa na serikali yake, yaweza kupeleka nakala katika nchi nyingine iliyojiunga, na chama cha huko, au asiyeona mwenyewe, aweza kuipokea, bila mtu kuandika barua na kungoja miezi saba. Marekani ilijiunga mwaka 2019. Maktaba ya Bookshare iliyo huko ina vitabu zaidi ya milioni moja. Sasa zaidi ya nchi na jumuiya 90 zimejiunga, na sijui mkataba mwingine wa hakimiliki ambao kusudi lake la kwanza ni haja ya msomaji.

Hayo ni mema, nami nimeyasema kwanza kwa haki. Lakini msomaji wa Kiswahili asifurahi haraka. Vitabu vile zaidi ya milioni moja ni vya Kiingereza kwa sehemu kubwa sana. Je, chama cha wasioona cha Dodoma au Mombasa chaweza kutwaa kimoja, tuseme cha ufugaji wa kuku au cha uuguzi, kukitia Kiswahili na kukipiga nukta nundu? Chini ya kifungu cha 4 yako maelezo yaliyokubaliwa na wajumbe, mafupi sana, yasemayo kwamba mkataba huu haupunguzi wala hauongezi yale yaliyoruhusiwa na Mkataba wa Bern juu ya haki ya kutafsiri. Kwa maneno ya wazi, juu ya tafsiri tumeachwa pale tulipokuwa. Anayesoma Kiingereza amefunguliwa lango. Anayesoma Kiswahili tu amefunguliwa lango na kuoneshwa ukuta ulio nyuma yake. Hili ndilo kosa kubwa la mkataba huu machoni pangu, nalo limejificha katika maandishi madogo chini ya ukurasa, mahali ambapo mwalimu huwafundisha wanafunzi kutazama kwanza.

Tafsiri si jambo la pembeni kwa lugha yetu. Wazee wetu wengi walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyotafsiriwa. Bunyan alikufa mwaka 1688, na Safari ya Msafiri ilitiwa Kiswahili pasipo mtu kuomba ruhusa kwa warithi wake. Shakespeare alikufa mwaka 1616, na Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Julius Caesar mwaka 1963 hakuwa na wa kumwandikia barua. Kwa vitabu vya karibuni sivyo. Chinua Achebe alikufa mwaka 2013, mwaka uleule wa mkataba. Riwaya yake iliyojulikana kwetu kwa jina la Shujaa Okonkwo, hata kwa hesabu fupi ya miaka 50, italindwa hata mwisho wa mwaka 2063; mtoto aliyezaliwa siku wajumbe walipotia sahihi atakuwa na umri wa miaka 50. Na kitabu cha namna hiyo kina haki mbili, ya mtungaji na ya mtafsiri.

Mtu mwenye bidii ataniambia kwamba Mkataba wa Bern wenyewe una nyongeza ya mwaka 1971, iliyofanywa Paris, kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Ni kweli, nami nimeisoma. Yasema kwamba serikali yaweza kutoa leseni ya kutafsiri kitabu kwa ajili ya mafundisho ikiwa miaka mitatu imepita na mwenye haki hajakitoa katika lugha hiyo. Na kwa lugha isiyotumiwa na watu wengi katika nchi tajiri, kama Kiswahili, ni mwaka mmoja tu. Ukiisikia habari yake utadhani tumepata. Lakini nchi sharti ipeleke tamko na kulifanya upya kila miaka kumi. Mwombaji sharti kwanza amtafute mwenye haki na kuomba. Kisha kuna miezi tisa mingine ya kungoja, na katika miezi hiyo mwenye haki akitoa tafsiri yake leseni haitolewi. Na malipo ni lazima. Nchi chache sana zimewahi kuitumia. Nyongeza hiyo yafanana na kisima kilichochimbwa kirefu mno kwa kamba iliyopo.

Kasoro nyingine nitazipitia upesi. Kifungu cha 4 chaiachia nchi uhuru wa kusema kwamba ruhusa ni kwa vitabu visivyouzwa katika namna ya asiyeona tu, na tena kudai malipo kwa mwenye haki ikipenda. Nchi inayotaka kuibana ruhusa yaweza. Sinema na michezo ya picha hazimo, kwa kuwa makampuni yalishinda katika hilo, na kwa hiyo viziwi, ambao haja yao ni maneno chini ya picha, walibaki nje.

Halafu iko tofauti ya uzito baina ya mikataba hii miwili. Ule wa 1994 una meno: anayeuvunja hupata hasara sokoni. Huu wa 2013 hauna. Nchi yaweza kujiunga, kupiga picha ya kutia sahihi, na kukaa miaka kumi pasipo kitabu kimoja kutoka, wala hakuna baraza litakaloiita. Wajumbe wale walikuwa wametoka katika serikali zilezile, na mji ni uleule. Walipolinda mali walijua namna ya kuandika adhabu. Walipomruhusu asiyeona kusoma waliandika kwamba nchi zitajitahidi kushirikiana. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Nasema kalamu moja ilikuwa na wino mwingi kuliko nyingine.

Tena ruhusa si kitabu. Mkataba waondoa mkono uliozuia; hauleti karatasi, mashine, wala mshahara wa anayesahihisha nukta. Kenya iliyaingiza mambo ya mkataba katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, na hilo lilipaswa kufanyika. Lakini nisikose kusema kwamba sehemu ya kazi i mikononi mwa wachapishaji wetu wenyewe, nayo haihitaji Geneva. Kitabu cha shule kinapokwenda kwa mpiga chapa tayari kiko katika kompyuta. Likitolewa faili hilo siku hiyohiyo kwa shule za wasioona, pamoja na barua ya ruhusa ya ukurasa mmoja inayotaja nukta nundu, sauti na herufi kubwa, kazi ya miezi huwa ya siku. Na kwa tafsiri, mtungaji wa Kiswahili aweza kuandika katika mapatano yake na mchapishaji kwamba yeye anawaruhusu wasioona wa lugha yo yote kukitafsiri kitabu chake kwa matumizi yao. Hakuna sheria imzuiayo mwenye mali kuitoa. Sijaona hata mmoja aliyefanya hivyo, na katika hili watungaji, nami nikiwamo, tusiwalaumu Wazungu.

Jambo la mwisho ni dogo. Kifungu cha 21 chasema kwamba mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kirusi na Kihispania, na kila lugha hapo ina nguvu sawa. Kiswahili hakimo, na wengi wa wale ambao kifungu cha 3 kinawataja katika nchi zetu hawajapata kuusoma. Kijana yule wa sura sita sasa ni mwalimu. Nilipomweleza habari ya mkataba aliniuliza swali moja tu, kama unapatikana kwa nukta nundu kwa Kiswahili. Basi tumeanza. Mimi natafsiri, yeye anatoboa. Tumekwisha kumaliza kifungu cha 3 na cha 4, na tunaingia cha 5. Safari hii karatasi tumenunua za kutosha.